Nadhiri ya Bibi kwa Shehe wa Pwani

Bibi yangu, mama yake baba, aliweka nadhiri akiwa amesimama kwenye matope, mbele ya watu wasiopungua ishirini, na hilo ndilo lililomponza. Angeinong'ona chumbani, pengine ingeishia chumbani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa masika, mto Kilombero umetapakaa bondeni mpaka huwezi kusema mto ni upi na mashamba ni yapi. Babu alikuwa mvuvi. Alitoka asubuhi kwenda kutega kambale, na jioni mtumbwi wake ukaonekana unaelea wenyewe, umepasuliwa ubavu na kiboko. Siku ya kwanza watu walimtafuta. Siku ya pili wakaanza kuleta mikeka nyumbani kwetu Lipangalala, na kila mtu anajua mikeka ikianza kuja maana yake ni nini. Siku ya tatu Bibi akatoka uani, akasema kwa sauti kwamba mume wake akirudi mzima, yeye mwenyewe atakwenda pwani kwenye kaburi la yule shehe wa zamani, atapika wali wa mpunga wetu palepale, atawalisha watakaokuwepo, na atalitandika kaburi kitambaa cha kijani.

Saa nane mchana siku hiyohiyo Babu akafika, amepakiwa kwenye baiskeli ya mvuvi mwenzake, uso umevimba kwa mbu, anaulizia ugali. Siku zote hizo alikuwa amekaa juu ya kichuguu kilichozungukwa na maji, pamoja na nyoka mmoja ambaye, kwa maelezo yake, hawakusumbuana.

Watu walishangilia, mikeka ikarudi kwa wenyewe, na nadhiri ikabaki.

Inabidi nieleze kwa nini Bibi alimchagua shehe huyo. Baba yake alikuwa mtu wa pwani, aliyekuja Ifakara zamani na biashara ya nguo, akaoa Mndamba, akabaki. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikuwa za Wakristo, sisi Waislamu tulikuwa wachache, na kati ya hao wachache ni Bibi peke yake aliyewahi kuona bahari. Alipelekwa na baba yake akiwa msichana. Sisi wote tulilelewa na hadithi ya safari hiyo. Akina mama walipokuja kusuka ukili au kupepeta mchele, Bibi alikuwa anaisimulia: jinsi kaburi lilivyo jeupe mpaka linaumiza macho, jinsi mawimbi yanavyogonga mlangoni kama mgeni, jinsi mtunzaji wa mahali pale alivyo na ndevu zinazofika kwenye mkanda. Nyuma ya kaburi, mkono wa kulia, kuna kisima cha ngazi tatu ambacho maji yake ni matamu ingawa bahari ipo hapohapo. Kisha alikuwa anaingia ndani, anatoka na gamba la konokono wa baharini, kubwa kama ngumi, na kila mtu analiweka sikioni asikie bahari inavyovuma. Mimi nililiweka sikioni pengine mara mia.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa aliposema atakwenda kwa shehe. Tulichoshangaa ni kwamba hakwenda.

Mwaka wa kwanza alisema reli imeharibiwa na mvua. Mwaka wa pili alisema magoti. Mwaka wa tatu ndege walivamia mpunga na hakutaka kuliacha shamba. Mwaka wa nne alitueleza kwamba kwenye ziara ya namna ile mtu haendi hivihivi, lazima kwanza aitwe katika ndoto.

"Basi uwe unalala mapema, dada," alisema jirani yetu.

Jirani huyu alikuwa mjane, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya, na rafiki wa Bibi tangu wote wawili walipoletwa mtaa ule wakiwa maharusi. Yeye alikuwa Mpogoro. Walitaniana tangu asubuhi mpaka jioni, na siku ambayo hawakutaniana tulijua mmoja wao ni mgonjwa. Siku ya nadhiri yeye ndiye aliyekuwa amemshika Bibi mkono kwenye yale matope, na alijihesabu kuwa shahidi. Akikutana na Bibi kisimani: "Dada, shehe anasubiri." Akimkuta mashineni: "Dada, yule mzee asije akafikiri Babu alijitoa mwenyewe."

Mwaka wa tano, baada ya mavuno, Babu alikuwa anakula. Akanawa, akasema taratibu, kama mtu anayeulizia chumvi, "Aliyekaa kwenye kichuguu ni mimi. Kama huendi, nitakwenda mimi. Nitamwambia shehe kuwa mke wangu ana shughuli."

"Utapotea," Bibi alisema.

"Si unaijua njia wewe? Nielekeze."

Bibi akaanza kukusanya vyombo. Hakumwelekeza. Asubuhi yake akanituma nipeleke mpunga kukoboa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi cherehani, mashine yangu ipo barazani, na nilijua safari hiyo lazima niwemo, kwa sababu mtu wa kubeba sufuria alihitajika. Kile kitambaa cha kijani nilikipinda mwenyewe. Jirani naye alitangaza kwamba anakwenda. Paroko amemruhusu, alisema. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakumuuliza.

Treni iliyotakiwa kufika alfajiri ilifika saa tano, na kwa treni ile hiyo ilikuwa heshima kubwa. Tulipanda na debe la mchele, sufuria, kapu la vitunguu, na begi la jirani ambalo lilikuwa na mto wa kulalia, kwa kuwa hakuamini mito ya watu wengine. Tulipopita milima ya Udzungwa Bibi alikuwa katika hali nzuri kabisa. Alitufundisha namna ya kuisogelea bahari: usiikimbilie, usiipe mgongo, mawimbi yana wivu. Abiria wa viti vya karibu waliacha mazungumzo yao wakamsikiliza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anarudi Dar es Salaam, ambaye nadhani alikuwa anaiona bahari kila siku, alimsikiliza kwa makini zaidi ya wote.

Tulipoingia mbugani, tembo wakiwa mbali kama mawe, maneno yalianza kumpungua. Tulipokaribia Dar es Salaam akasema jino linamuuma.

Kesho yake mchana tukafika Bagamoyo. Jirani alikuwa na mwanakwaya mwenzake aliyehamia huko zamani, ndiye aliyetupokea, na kwa hiyo Bibi alifanya maandalizi ya ziara yake chini ya picha kubwa ya Bikira Maria. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mama yule anaonekana mchovu, na kwamba angeelewa mambo ya magoti.

Asubuhi tukaanza safari ya kwenda kaburini kwa miguu. Mwenyeji wetu alitaka kutusindikiza, Bibi akakataa.

"Nilipita hapa nikiwa msichana," alisema. "Miguu inakumbuka."

Miguu ilikumbuka kushoto. Tulikwenda kushoto kwa muda wa saa nzima, jua linapanda, mimi na debe kichwani, jirani na sufuria, mpaka njia ikatufikisha mahali peupe, pametandazwa maji yaliyokatwakatwa mraba mraba kama majaruba ya mpunga. Bibi akasimama, akayatazama.

"Mpunga wao umekufa," alisema.

Yalikuwa mashamba ya chumvi. Mama mmoja aliyekuwa anakwangua chumvi alitueleza hivyo, akatuuliza tunakwenda wapi, akacheka kwa adabu, akatuonyesha tulikotoka.

"Wamehamisha barabara," Bibi alisema tukiwa tunarudi.

Jirani alifungua mdomo. Nilimwona. Halafu akaufunga, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko kupotea.

Mahali penyewe palikuwa nje ya mji, kati ya minazi. Kulikuwa na kuta za msikiti wa mawe zilizobaki nusu, makaburi ya zamani yamelala yameinamiana, na moja lililojengewa chumba kidogo chenye paa la bati. Halikuwa jeupe. Lilikuwa na rangi ya mfupa, lina ukungu wa kijani pembeni, na mbuzi mmoja alikuwa amelala kwenye kivuli chake. Mtunzaji alitoka kutupokea akiwa na redio ndogo mkononi. Alikuwa mwembamba, wa makamo, na hakuwa na ndevu hata moja.

"Asalaam aleikum," alisema.

"Milele amina," jirani akaitikia.

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka sitini. Mtunzaji akamtazama, akatazama rozari iliyokuwa inaning'inia mkononi mwake.

"Tasbihi nzuri, mama."

"Ina msalaba," jirani alisema kwa unyonge, akiuonyesha. Hakuwa mtu wa kuficha.

"Karibu. Wanakuja wa kila namna. Ila viatu mnaviacha pale, na huyo mbuzi msimpe kitu, atawafuata mpaka nyumbani." Akamgeukia Bibi. "Na wewe, mama, ndiyo mara ya kwanza?"

Sisi wawili tulimwangalia Bibi. Bibi akasema, "Bahari iko wapi?"

Mtunzaji akanyoosha mkono kuelekea mikoko. Tukasogea mpaka mahali miti inapoachana, tukatazama. Palikuwa na tope la kijivu linalong'aa, limekwenda mbali sana, na juu yake kaa wadogo wanakimbia ubavuubavu, na ndege wanatembea kama wakaguzi. Mitumbwi miwili ilikuwa imelala upande mmoja juu ya tope. Huko mwisho kabisa kulikuwa na mstari mwembamba wa bluu.

Bibi alitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mtunzaji kwa sauti ndogo, "Imekauka lini?"

"Maji yamekupwa tu, mama. Alasiri yatajaa."

Bibi akanitazama. Niliona wazi kwamba neno lile halijui. Bahari kuondoka na kurudi, kila siku, kama mtu mwenye ajira, hilo katika hadithi zake zote miaka yote ile halikuwahi kutajwa. Mimi mwenyewe nililisoma shuleni, kwenye jiografia, na sikuwahi kujiuliza kwa nini yeye hakulisema.

Hapo nilielewa. Nikamtazama jirani, nikaona kwamba yeye alielewa tangu kwenye chumvi.

Nilijisikia vibaya ajabu. Mtu mzima kugundua kwamba bibi yake ni mwongo, na kugundulia hilo mbele ya kaburi la mtu mtakatifu, ni jambo ambalo huna pa kulishikia. Nikatamani jirani amtanie ili yaishe. Jirani akawa anahangaika na mbuzi.

Halafu Bibi akageuka ghafla, akalizunguka kaburi, akaenda nyuma yake mkono wa kulia, sisi tukimfuata. Kulikuwa na kichaka cha mchongoma, na nyuma ya kichaka kisima cha mawe. Ngazi tatu. Bibi aliteremka huku ameshika ukuta, akachota kwa kiganja, akanywa. Alikaa kwenye ngazi ya chini, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Ni matamu," alisema. "Kumbe ni kweli."

Nikachanganyikiwa upya. Kila kitu alikikosea, ila hiki amekikuta bila kuuliza. Sikumhoji. Tulikuwa na moto wa kuwasha.

Mtunzaji alituonyesha mafiga, akatutafutia nazi, akakaa karibu. Mchele wetu ulipoanza kuchemka alizima redio. Harufu ya mchele wa Kilombero haihitaji maelezo kwa aliyewahi kuisikia. Siku ile harufu hiyo ilipita kati ya minazi ikaleta watu ambao hatujui walikuwa wapi: wavunaji wa chumvi, mafundi wawili wenye vumbi la saruji, mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliyesema alikuwa anapita tu, akakaa.

Wali ukiwa umepaliwa makaa, mtunzaji akamwambia Bibi kwamba sasa anaweza kuingia. Chumba kilikuwa kidogo, mlango hauna ubao, na sisi tulikuwa hatua nne kutoka hapo tukikuna nazi ya pili. Hatukukusudia kusikiliza. Niliweza kumwona amepiga magoti, anakitandika kile kitambaa, anakinyoosha pembe kama anatandika kitanda cha mgeni. Alisoma Fatiha. Kisha akaanza kuzungumza, na sauti yake haikuwa ya dua, ilikuwa ile aliyoitumia kwa mwenye duka.

"Shikamoo," alimwambia shehe. "Mimi ndiye mke wa yule wa kichuguu. Nimechelewa. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa naona haya. Nimekusingizia miaka mingi. Nilisema nimefika hapa, sijafika. Aliyefika ni baba. Aliniahidi kunileta, akafa, nikaona hadithi zake zitapotea, nikazichukua. Mwanzo nilisema, baba aliona. Hawakusikiliza. Nikasema, niliona, wakasikiliza. Lile gamba nililipata sokoni kwa mchuuzi wa nazi, nilimpa kuku. Sasa unisamehe, na mume wangu uniangalizie, haoni vizuri jicho la kushoto na mtoni bado anakwenda."

Akanyoosha mkunjo mmoja wa kitambaa.

"Na kuhusu ndevu za huyu mtunzaji wako, nadhani baba alimwona mwingine."

Mbuzi ya jirani ilikuwa imesimama. Ile ya kukunia nazi, namaanisha. Kanga yake ilikuwa imefunika nusu ya uso na mabega yanamtikisika, na nilidhani analia, nikamgusa. Alikuwa anacheka, na pia analia. Alijifuta kwa mkono wenye nazi, akaharibu uso wote.

Bibi alipotoka alitukuta tunakuna kwa bidii isiyo ya kawaida. Alijua. Mlango hauna ubao, na yeye si mjinga. Alisimama anatusubiri tuseme.

Jirani aliinua kichwa. "Dada," alisema, "tangu ulipokuja ukiwa msichana, naona pamebadilika sana."

Bibi alimtazama. Halafu kicheko kikamtoka, cha tumboni, kilichomkalisha chini kwenye mchanga miguu imenyooka, na kila alipotaka kusimama kikamkalisha tena. Mtunzaji aliuliza kuna nini, jirani akamjibu kwamba ni mambo ya bara, yeye apakue.

Tulilisha watu kumi na saba. Mtunzaji alikula sahani tatu, akatuambia kwamba mwaka kesho tukija tusilete kitambaa, tulete madebe mawili.

Alasiri maji yalijaa. Hayakuja kwa kelele. Tulikuwa tunasugua sufuria na Bibi akasema, "Tazameni," na tope lilikuwa limekwisha, mitumbwi imesimama, mikoko imezama mpaka magotini. Bibi akavua kanga ya juu, akaniachia, akaingia. Sheria zake zote za treni alizisahau. Aliikimbilia, aliipa mgongo, wimbi dogo likamsukuma akakaa ndani, akabaki amekaa humo na gauni lake limejaa hewa kama puto. Jirani alifanya ishara ya msalaba, akamfuata. Niliwaangalia wazee wawili wanamwagiana maji, na kwa kuwa mtu mmoja lazima abaki mkavu wa kulinda sufuria, nikabaki.

Njiani kurudi Ifakara Bibi alikuwa na mzigo moyoni, na tulipopita Mang'ula akautua. Alisema atawaambia akina mama ukweli. Kama amemwambia shehe, hawezi kuendelea kuwaficha watu anaochota nao maji. Jirani alimwambia si lazima. Bibi akasema ni lazima, na asimwingilie.

Siku ya pili baada ya kufika, uani palijaa. Babu alikaa pembeni anashona nyavu. Bibi akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Jamani, nataka mjue. Kule pwani nilikuwa sijawahi kufika. Mara ya kwanza kuiona bahari ni wiki iliyopita."

Akina mama wakatazamana. Kisha mama mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote.

"Huyu bibi," mmoja alisema, "hata akichoka safari, utani haumwishi."

"Nasema kweli. Nilipotea. Niliona chumvi nikadhani mpunga."

Wakacheka zaidi. Wengine walishikana. Bibi aliwaeleza habari ya baba yake, na ya kuku aliyemtoa sokoni, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyofurahi, wakasema hajawahi kusimulia vizuri namna hii. Alimgeukia jirani yetu amsaidie.

"Shahidi yupo," Bibi alisema. "Mwulizeni."

Jirani aliweka mkono kifuani. "Mimi nilichoona," alisema, "ni kwamba alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kisima bila kumuuliza mtu."

Hilo halikuwa uongo. Bibi akamtazama kwa hasira, na akina mama wakapiga makofi. Babu peke yake ndiye ambaye hakucheka; aliacha nyavu, akamwangalia mke wake kwa lile jicho zima.

"Mimi nakuamini," alisema. "Keti, chai inapoa."

Bibi akaketi.